Kufuli la Meneja

Siku Mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji aliposimama kutuambia tuuze shamba la nyasi, alileta shahidi mmoja tu, na shahidi mwenyewe hakuwepo.

"Meneja ndiye alifunga hiyo stoo, si mimi," alisema, akinyoosha kidole kwenye mlango wa mabati nyuma yetu. "Si mnakumbuka? Ilikaa wiki nzima imefungwa na hakuna kitu kilichochechemea. Sasa tunang'ang'ana na nyasi ya nini, na watu wanatafuta ploti hapa Kitengela usiku na mchana?"

Watu wakaguna kukubali. Mimi ndiye mtunza stoo ya nyasi, na nilikasirika, kwa sababu aliyosema yalikuwa ya kweli na bado yalikuwa uongo. Stoo ilifungwa kweli, na ni kweli hakuna kitu kilichochechemea. Lakini kulikuwa na jambo la tatu ambalo Meneja alilisema mbele yetu sote, na ambalo kila mtu alikuwa amelisahau. Nikasimama nilitaje. Mwenyekiti akaniambia, "Mama Neema, wewe unatetea kazi yako, keti." Nikaketi. Tukapewa muda wa kufikiria, kisha turudi Jumamosi moja tupige kura.

Ni kweli nilikuwa natetea kazi yangu, sikatai. Lakini pia niko na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba huko Noonkopir, kwenye ploti ambayo hata kuku akikimbia atagonga ukuta. Mume wangu anaondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurudi watoto wakiwa wamelala, kwa hiyo ng'ombe ni wangu, na ndio wamemsomesha Neema mpaka hapo alipo. Hawana mahali pa kulisha. Kiangazi kikija wanakula kile kinachotoka kwenye stoo ile, na shamba likiuzwa nitawauza na wao. Nilirudi nyumbani nikimfikiria yule shahidi asiyekuwepo. Wengi waliojiunga na chama majuzi hawakumjua, wanalisikia tu jina la kazi yake. Sisi pia hatukuwahi kumwita kwa jina lingine. Alikuwa Meneja, na hata mke wake alimwita Meneja, hasa akiwa amekasirika.

Alikuwa mtu wa sweta. Jua la Kitengela liwe kali namna gani, yeye alikuwa na sweta ya rangi ya kahawia iliyofungwa vifungo vyote, na chini gambuti. Alivaa gambuti hata Jumapili kanisani, na mchungaji alishachoka kumtania. Mfuko wa kulia wa sweta ulikuwa umeinama chini kwa sababu ndani yake kulikaa kufuli, lile kubwa la shaba, na ufunguo wake kwenye kamba ya kiatu. Ukimwona anapita uani huku mkono umo ndani ya mfuko huo, ungejua kuna idara itakayolala na njaa wiki hiyo.

Nieleze vizuri. Chama chetu ni kimoja lakini kina kazi nyingi. Tunapokea maziwa na kuyapoza, tuna duka la chakula cha mifugo, tuna kisima tunachouza maji, tuna nyasi, na zamani tulikuwa na mayai. Kazi zote hizo zinagombania pikapu moja, jenereta moja, karani mmoja na ua mmoja. Basi kila mkutano ulikuwa vita. Watu wa maziwa walisema wao ndio wanalisha chama na wengine ni kupe. Watu wa mayai walisema pikapu inakunywa mafuta kwa ajili ya maziwa, halafu wao wanaandikiwa nusu ya gharama. Watu wa maji waliuliza jenereta ni ya nani. Meneja alipoajiriwa alijaribu kwanza kugawa kila kitu kama wanavyofundishwa kwenye diploma ya ushirika. Alikaa na karani wakagawa mafuta kwa safari. Siku ya kutoa ripoti, mama mmoja wa Kimaasai, Mama Sianoi, akamuuliza swali moja.

"Meneja, gari inaenda na maziwa, inarudi na chakula ya kuku. Sasa ikirudi mtupu, itakunywa mafuta kidogo?"

Watu walicheka sana. Meneja hakucheka. Alifunga faili lake, akasema, "Sijui, mama. Sijapima." Tangu siku hiyo hakugawa tena mafuta. Alienda kununua kufuli.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mara moja moja, bila kututangazia mapema, alichagua kazi moja na kuifunga kwa wiki. Mlango ukapigwa kufuli, na watumishi wa idara hiyo wakaambiwa wakae nyumbani na mshahara wao. Kisha kila asubuhi alizunguka ua akiuliza swali lilelile kwa kila mtu aliyekutana naye: "Nani amechechemea?" Alitaka kujua nini kimepungua mahali pengine. Alisema ukitaka kujua kazi fulani ina faida gani kwenye chama ambacho kila kitu kimeshikana, iondoe uone ni nani atalia. Na alisisitiza kwamba atakayelia si lazima awe yule aliyefungiwa.

Sisi tulimwona kichaa. Halafu akafunga maji.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, na mauzo yake yalikuwa aibu. Kwa karatasi za karani, jenereta ilikuwa inasukuma maji kwa hasara tupu, na kila mtu alikuwa tayari kuifunga kazi hiyo moja kwa moja. Meneja akasema tungoje, tupime kwanza. Jumatatu akafunga kioski cha maji. Jumanne hakuna kilichotokea. Jumatano karani akaja mbio kutoka mapokezi ya maziwa, akasema makopo yamepungua, na hayakupungua kidogo. Tukadhani kuna mnunuzi mwingine amekuja kutuibia wafugaji. Meneja akavaa gambuti zake, sijui kwa nini nasema akavaa, alikuwa nazo siku zote, akatembea kwa miguu mpaka njia ya vumbi inayokuja kutoka bomani, akasimama hapo kungoja. Akakutana na Mama Sianoi anatoka kuuza maziwa yake kando ya barabara kwa wachuuzi.

"Mama, mbona umetuacha?"

"Nimewaacha? Nyinyi mmefunga maji. Punda analeta maziwa asubuhi, anarudi na maji nyumbani. Sasa nimlete punda mpaka huko arudi na upepo?"

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya maji yetu ya chumvi. Ng'ombe na mbuzi wa bomani walikuwa wakiyanywa, na punda hakuwa na safari mbili. Maji ndiyo yalikuwa yakituletea maziwa, na hakuna karatasi ambayo ingeweza kuonyesha hivyo, kwa sababu punda hakuwa wa chama. Meneja alirudi akafungua kioski siku hiyohiyo, wiki haijaisha. Alikuwa na furaha mpaka akamnunulia kila mtu chai na mandazi, na wale wanaomjua wanajua hilo lilikuwa tukio. Mtu yule alikuwa bahili. Chai ya wageni ofisini kwake aliipima majani kwa kofia ya kalamu.

Lakini usidhani alikuwa akifunga vya wengine tu. Idara ya mayai iliongozwa na mke wake. Mama yule aliianzisha yeye mwenyewe na vifaranga vyake, akaipigania, na alikuwa na sauti ya kupigania. Meneja akaifunga. Wiki ikapita, hakuna aliyechechemea, hata duka la chakula halikuhisi. Akafunga wiki ya pili kuhakikisha. Kisha akasimama mbele ya wanachama, mke wake ameketi mstari wa mbele na mkoba mapajani, akasema mayai hayabebi mtu na hayabebwi na mtu, na pikapu ingepumua bila hayo. Wanachama wakapiga kura yakaondolewa. Tulisikia kwamba nyumbani kwake hakuna yai lililopikwa kwa muda mrefu sana, na siku moja nilimkuta amejificha nyuma ya jenereta anakula yai la kuchemsha alilonunua kwa mchuuzi. "Mama Neema," akaniambia mdomo umejaa, "hukuniona." Sikusema kwa mtu mpaka leo.

Ukaidi wake ulikuwa wa aina hiyo. Kitu ambacho hakujipimia mwenyewe hakukisema, na hilo lilikuwa likituudhi kupita kiasi. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, na mawingu yote yamesimama juu ya Ngong, atakuambia hajui. Alialikwa kwenye harusi ya mtoto wa mwanachama huko Embulbul, akapewa nafasi ya kuwaambia maharusi neno. Akashika kipaza sauti, akawatazama wale vijana, akasema, "Tungoje tuone," akaketi. Mama wa bwana harusi hakumsamehe. Sifa nazo alizitoa kwa shida. Miaka yote niliyofanya kazi chini yake, aliwahi kunisifu mara moja, na alichosema ni kwamba stoo yangu haina panya.

Na bado watu walimpenda, wazee wa Kimaasai zaidi. Alipofika huku mara ya kwanza alijifunza salamu moja, akaenda akiwasalimia wazee wenye heshima zao, "Takwenya!" Hiyo ni salamu ya kusalimia wanawake. Wazee wakatazamana, wakamwitikia, "Iko!", na hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu ilikuwa inawafurahisha. Alikuja kuambiwa baadaye sana. Kesho yake akakutana na walewale, wote tukasimama kuona atafanya nini. Akasema "Takwenya" kwa sauti kubwa kuliko siku zote, na wazee wakacheka mpaka mmoja akashika mti.

Sasa nije kwenye nyasi, kwa sababu hapo ndipo alipokosea, na ndipo nilipomheshimu.

Shamba la nyasi ni kubwa, liko nje kidogo ya mji, na mji umelifikia. Ukisimama katikati unaona maghorofa pande mbili. Nyasi zinakatwa, zinafungwa marobota, zinaletwa stoo, na sisi tusio na mahali pa kuziweka tunachukua robota moja moja kila baada ya siku chache. Meneja alifunga stoo ile mwezi wa mvua nyingi. Nyasi zilikuwa zimeota hata kwenye mitaro ya barabara. Watu walifunga ng'ombe kwenye ua wa majirani, wengine walikata nyasi uwanja wa shule. Wiki ikaisha na swali lake likakosa jibu. Hakuna aliyechechemea. Akawaambia wanachama hivyohivyo, kwa uaminifu wake wote: nimefunga, nimezunguka, hakuna aliyelia. Maneno hayo ndiyo Mwenyekiti aliyashika.

Baadaye chuo kikuu kimoja kikamtuma kijana na kompyuta yake, anapima utendaji wa vyama vya wakulima vyenye kazi nyingi. Tulidhani Meneja atamfukuza. Badala yake walipendana kama ndugu waliopoteana. Kijana alimweleza kwamba chama kikitazamwa kwa jumla kinaweza kuonekana hodari, kumbe kazi moja inazibeba nyingine, na kwamba kitu kinachotumiwa na wote, ukikigawa ovyo, unaweza kuua kazi nzuri na kuilea mbaya. Akasema pia jenereta moja isihesabiwe mara mbili kana kwamba ni mbili. Meneja aliyashika hayo akayazungusha Kitengela nzima. Hata kwenye kikundi cha mazishi alimwambia mtu asihesabu hema mara mbili. Naye akamwonyesha kijana kufuli lake, akamsimulia habari za punda, na kijana akaandika kila kitu huku akitabasamu. Kisha akauliza, kwa upole tu, "Na nyasi, Meneja, ulifunga mwezi gani?"

Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta chai. Meneja akautoa mkono mfukoni. Akatazama nje dirishani, ambako wakati huo kulikuwa vumbi tupu.

"Ghai, Mungu wangu," akasema polepole. "Nimepima mwavuli siku ya jua."

Mtu mwingine angenyamaza, kwa sababu sisi wengine hatukuwa tumegundua. Yeye aliitisha mkutano. Alisimama kwenye jua na sweta yake akasema, "Wanachama, kipimo cha nyasi nilichowapa kitupilieni mbali. Nilifunga wakati wa mvua. Nyasi bado haijapimwa." Watu wakacheka kidogo, mtu akapiga makofi, tukaendelea na mambo ya bei ya maziwa. Ndilo hilo jambo la tatu. Lilisemwa mara moja, likapita.

Ukaja mwaka mbaya. Kila anayeishi Kajiado anaujua mwaka wa namna hiyo, sina haja ya kuuchora. Mizoga ilikuwa kando ya barabara ya Namanga, na wafugaji walikuwa wakipita katikati ya mji na ng'ombe walio mifupa mitupu, wakiomba hata nyasi za kwenye bustani za maua za watu. Hapo ndipo nilipotegemea Meneja alete kufuli. Wakati wenyewe ulikuwa huo, hakuna kipimo kingekuwa cha haki kuliko hicho. Na kweli asubuhi moja nikamwona anakuja, mkono umo mfukoni. Akafika mlangoni pa stoo. Ndani kulikuwa na foleni, Mama Sianoi akiwa mbele, na hata huyu Mwenyekiti wetu wa leo alikuwemo, wakati huo akiwa mwanachama wa kawaida na ng'ombe wanne wa gredi, wale wa maziwa mengi. Meneja akalitoa kufuli.

Akalitazama, akalitazama tena, akalirudisha mfukoni. "Mama Neema," akaniambia, "kipimo cha kuua ng'ombe za watu mimi sikitaki." Akaenda zake. Kwa hivyo nyasi haikupimwa, na mtu ambaye hakuwahi kuogopa kufunga kitu, hata mayai ya mke wake, aliogopa hiyo moja. Wapo waliosema ni unyonge. Mimi nilikuwa na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, na nilimpenda siku hiyo kuliko siku zote.

Alistaafu baada ya hapo, akaenda kuishi Oltepesi, kwenye njia ya Magadi, na mbuzi wake. Ndiko nilikomfuata wiki ya kura. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha tangi la maji, sweta iko palepale, amezeeka uso lakini macho ni yaleyale ya kukukagua. Mke wake alinikumbatia, akaniletea chai iliyojaa majani. Na kando ya chai, yai. Mimi na mama yule tuliangaliana tukacheka, na Meneja akajifanya hakuona.

Nikamweleza yote. Nikamwambia Mwenyekiti anatumia jina lake, na kwamba tukishauza shamba lile halirudi. Nikamwomba aje Jumamosi.

"Nije niseme nini?"

"Useme nyasi ni muhimu!"

"Sijui kama ni muhimu. Sijapima."

Mungu anisamehe, nilimpandishia sauti mzee wa watu mbele ya mbuzi wake. "Meneja, wacha hizo! Ng'ombe zangu zilikula hiyo nyasi. Ziko hai. Unataka kipimo gani kingine?"

"Hizo ni ng'ombe mbili, na wewe ndiye mtunza stoo. Mwenyekiti atakuambia uketi."

"Ameshaniambia."

"Unaona?" Nilimwona anaumia, na sikutaka kumwonea huruma kwa sababu nilikuwa na hasira. "Mama Neema, nilisema neno moja lisilo na kipimo kizuri, mkalishika mpaka leo. Nikija niseme lingine kwa sababu wewe ni rafiki yangu, mtalishika pia. Halafu mimi nitakuwa nani?"

Nikasimama kuaga. Nilikuwa karibu kulia, nasema ukweli. Nikiwa nafika kwenye uzio, akaniita. Alikuja polepole na gambuti zake, akatia mkono mfukoni, akaniwekea kufuli mkononi. Lilikuwa na joto la mwili wake. Miaka yote hiyo ya kustaafu, bado alikuwa akitembea nalo.

"Sasa ni kiangazi," akasema. "Mimi nilishindwa. Pengine nyinyi mtaweza."

Jumamosi ua ulijaa. Mwenyekiti akaanza vilevile, Meneja alifunga, hakuna kilichochechemea, wanaotaka tuuze wainue mikono. Nikasimama kabla hajamaliza. Akaniambia niketi. Sikuketi. Nikatembea mpaka mbele, nikaweka kufuli juu ya meza, likagonga ubao. Hakuna mzee wa chama asiyelijua.

"Meneja alifunga wakati wa mvua," nikasema. "Alituambia hivyo hapa hapa, tukasahau. Sasa ni kiangazi. Mwenyekiti, kama nyasi haina kazi, chukua hii kufuli. Funga stoo leo. Wiki moja tu. Jumamosi ijayo tukirudi na hakuna aliyechechemea, mimi ndiye nitainua mkono wa kwanza tuuze."

Mwenyekiti akalitazama kufuli. Akanyoosha mkono, akaligusa, na nilifikiri atalichukua. Watu wote walikuwa wakiuangalia mkono wake. Nyuma yake mlango wa stoo ulikuwa wazi, marobota yakionekana, na upepo ulikuwa unatupiga vumbi usoni. Akageuka akautazama mlango, halafu akanitazama, na sauti iliyotoka haikuwa ya mkutano tena. Ilikuwa ya mfugaji.

"Sasa, Mama Neema," akasema, "hiyo wiki ng'ombe zangu zitakula nini?"

Mama Sianoi ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika mdomo kwa shuka, kisha ua mzima ukalipuka, na Mwenyekiti mwenyewe akashika kichwa akacheka kwa aibu. Nikawaambia anayetaka kufunga aje mbele. Nilingoja. Hakuna aliyekuja. Kura ilipopigwa, mikono ya kuuza ilikuwa michache, na wa Mwenyekiti haukuwemo.

Jioni nikampigia Meneja simu. Mke wake akapokea, akamwita, nikasikia gambuti zinakuja. Nikamsimulia kila kitu kwa haraka, kufuli mezani, mkono wa Mwenyekiti, swali lake. Nilitegemea afurahi. Nilikuwa nataka, kwa mara ya pili katika maisha yangu, mtu yule anisifu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Huko kumenyesha?"

"Hapana, Meneja. Vumbi tupu."

"Hata manyunyu? Wiki hii yote?"

"Hata tone."

Mbuzi mmoja akalia nyuma yake.

"Basi," akasema, "hapo mmepima."